Jinsi ya kuchunguza neno la Kiebrania katika Biblia bila kusomea Kiebrania: mwongozo kamili

Madaftari ninayoletewa kwenye kikundi chetu cha Biblia yana kosa lile lile. Mtu amefungua programu kwenye simu, amegusa neno, imejitokeza orodha ya maana saba au nane, amechagua ile iliyomgusa moyo. Jumapili anasimama na kusema, "Kwa Kiebrania neno hili maana yake ni..."

Anasema kwa nia njema kabisa. Lakini hebu fikiria mgeni anayefungua kamusi ya Kiswahili akakuta "kaa" ni kipande cha mkaa, ni mnyama wa pwani mwenye magando, na ni kitenzi cha kuketi. Kisha umwambie "kaa hapa", naye aanze kumtafuta mnyama. Ndivyo tunavyolitendea Neno la Mungu tunapochagua maana kwenye orodha bila kusoma mistari.

Mwongozo huu unafuata neno moja tangu mwanzo hadi mwisho: "msaidizi" wa Mwanzo 2:18. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, linapatikana mara 21 tu katika Agano la Kale, kwa hiyo jioni mbili zinatosha kulimaliza. Pili, nimelisikia harusini likihubiriwa kwa namna mbili zinazopingana. Mhubiri mmoja alisema msaidizi ni mtumishi wa mume. Mwingine alisema ni shujaa wa vita, tena anamzidi mume. Wote wawili walitaja Kiebrania.

## Vitu unavyohitaji

- Biblia ya Kiswahili unayoizoea. Mistari ninayonukuu hapa ni ya Union Version, ile ya mwaka 1952, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi.
- Tafsiri ya pili ya Kiswahili, kama Habari Njema, ya kulinganisha.
- Simu au kompyuta yenye Biblia inayoonyesha Kiebrania neno kwa neno. Za bure zipo: Blue Letter Bible, STEP Bible na Bible Hub kwenye intaneti, MySword kwa simu za Android na e-Sword kwa kompyuta za Windows. Hizi mbili za mwisho ukishazipakua hazili bando.
- Kiingereza kidogo. Vifaa hivi vingi vimejengwa juu ya tafsiri za Kiingereza. Usiogope, utakitumia kama ramani ya kukufikisha kwenye neno, basi.
- Daftari la karatasi na kalamu. Kwenye simu utagusa na kusahau. Kwenye daftari utaona mistari 21 ikiwa imekaa pamoja, na hapo ndipo maana inapojitokeza.

Kujua kusoma herufi za Kiebrania kunasaidia, ila si sharti. Ziko 22, zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na tano kati yake hubadilika umbo zikiwa mwisho wa neno. Ukipata wiki mbili za kujifunza kuzitambua, hutajuta.

## Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua simu

Soma sura nzima ya mstari wako kwa Kiswahili, mara mbili. Kisha andika swali moja juu ya ukurasa.

Mstari wetu unasema: "Si vema huyo mtu awe peke yake, nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Swali langu niliandika hivi: *Je, neno hili linaonyesha kwamba anayesaidia yuko chini ya anayesaidiwa?*

Sababu ya kuandika ni kwamba neno la Kiebrania litakupa mambo mengi, na usipokuwa na swali utaokota lolote linalong'aa. Onyo moja: swali lisiwe jibu lililovaa alama ya kuuliza. "Je, si kweli kwamba mke ni shujaa?" si swali.

## Hatua ya 2: Hakikisha uko kwenye Kiebrania

Sehemu chache za Agano la Kale ziliandikwa kwa Kiaramu: Danieli 2:4 (katikati ya mstari) hadi mwisho wa sura ya 7, Ezra 4:8 hadi 6:18 na 7:12–26, na Yeremia 10:11. Agano Jipya lote tulilonalo ni Kigiriki. Ukiwa huko, hatua zinafanana, lakini usiseme "Kiebrania".

Mwanzo 2 ni Kiebrania. Tuendelee.

## Hatua ya 3: Tafuta neno lenyewe lililo chini ya Kiswahili

Wengi huteleza hapa wakiwa hawajafika popote. Wanatafuta "msaada" kwenye Biblia ya simu, wanakusanya mistari yote ya Kiswahili, wanadhani wamekusanya neno moja la Kiebrania.

Chukua Mika 6:8: "kutenda haki, na kupenda rehema". "Rehema" hapo ni *chesed*. Sasa fungua Hosea 6:6: "Maana nataka fadhili wala si sadaka". "Fadhili" hapo ni *chesed* hilo hilo. Neno moja la Kiebrania, maneno mawili ya Kiswahili.

Na kinyume chake pia hutokea. "Haki" ya Mika 6:8 ni *mishpat*. "Haki" ya Mwanzo 15:6, pale Abramu alipomwamini BWANA akahesabiwa haki, ni *tsedaqah*. Katika Amosi 5:24 maneno hayo mawili yamesimama pamoja, na watafsiri wakalazimika kuyatenganisha: "hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu." Ukitafuta "haki" kwa Kiswahili utayachanganya yote.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua Mwanzo 2:18 kwenye programu yako, gusa mstari, fungua jedwali la Kiebrania. Utaona kila neno na namba pembeni yake. Hiyo inaitwa namba ya Strong, kwa jina la James Strong aliyechapisha orodha yake mwaka 1890. Kila neno la msingi la Kiebrania lina namba yake, kuanzia 1 hadi 8674, ikitanguliwa na herufi H.

"Msaidizi" ni עֵזֶר, *ezer*, H5828.

Kuanzia sasa tafuta kwa namba, usitafute kwa matamshi. Kiebrania kina herufi mbili, alefu na ayini, ambazo kwa herufi zetu hupotea au huandikwa kwa alama ndogo ya juu. Kwa hiyo *ra'ah* ya kuona (H7200) na *ra'ah* ya kuchunga kondoo (H7462) huonekana kama neno moja. Ni maneno mawili tofauti kabisa.

Angalia pia ndugu wa karibu. Zaburi 46:1 inasema Mungu ni "msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso". Ukigusa hapo utapata *ezrah*, H5833. Ni dada yake *ezer*, lakini si yeye. Mwandike kwenye ukurasa wa pembeni, usimchanganye kwenye hesabu.

Utajua umefaulu ukiwa umeandika mambo matatu: mstari, neno kwa Kiebrania, na namba.

## Hatua ya 4: Soma umbo la neno

Msomaji wa Kiswahili ana bahati kubwa hapa, na sijui kwa nini hatuambiwi mapema. Kiebrania hubandika viambishi mbele na nyuma ya neno, kama sisi. Sisi tunasema "mwanangu", "nduguye". Wao huchukua *ezer*, wakaongeza *-i*, ikawa *ezri*: msaada wangu. Ndilo neno la Zaburi 121:2.

Neno linalofuata katika Mwanzo 2:18 ni *kenegdo*. Lipasue:

- *ke-*: kama
- *neged*: mbele ya, mkabala na (H5048)
- *-o*: yake, kwake

Jumla yake ni "kama aliye mkabala naye". Union Version ikaliweka "wa kufanana naye". Umbo hili halipo mahali pengine popote isipokuwa hapa na mstari wa 20. Lakini *neged* lenyewe limejaa tele. Katika Kutoka 19:2 Waisraeli wanapiga kambi *neged* ya mlima wa Sinai, yaani wakiukabili. Picha ni ya ana kwa ana, uso kwa uso. Mtu aliyeko nyuma yako akikubebea mzigo si *neged*.

Ikiwa neno lako ni kitenzi, lazima uangalie kauli yake. Tunajua rudi, rudisha, rudiana: mzizi mmoja, matendo matatu. Kiebrania nacho kina kauli zake, na saba ndizo utakazokutana nazo sana: Qal, Nifal, Piel, Pual, Hifil, Hofal na Hitpael. Kitenzi *shuv* (H7725) katika Qal ni kurudi, katika Hifil ni kurudisha. Namba ya Strong haikuambii kauli. Ni ile ile kwa zote. Ukisoma namba peke yake utasema "mtu alirudi" mahali palipoandikwa "Mungu alimrudisha".

Programu huandika kauli pembeni ya kila kitenzi. Inakili. Usijitungie kanuni kwamba Piel daima ni kwa nguvu zaidi, maana mistari mingi itakukatalia.

## Hatua ya 5: Soma kamusi kwa utaratibu wake

Ukigusa H5828 utaona maelezo mafupi sana. Yana sehemu tatu, na watu huzisoma kana kwamba ni moja.

Sehemu ya kwanza inataja asili: neno limetoka H5826, *azar*, kusaidia. Ya pili ni maana fupi: msaada. Ya tatu huja baada ya alama ya nukta mbili na kistari.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoangusha watu. Si orodha ya maana. Ni orodha ya namna Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilivyolitafsiri neno hilo sehemu mbalimbali. Kwa *ezer* ni fupi, haina madhara. Kwa maneno mengine inaweza kuwa na maneno ishirini, mengine hayahusiani hata kidogo na mstari wako. Anayesema "neno hili lina maana ishirini kwa Kiebrania" amehesabu maneno ya Kiingereza.

Chini yake programu nyingi huweka kamusi ya Brown, Driver na Briggs ya mwaka 1906, mara nyingi ikiwa imefupishwa. Hii imepangwa kwa maana, na mbele ya maana imetaja mistari. Usichague maana. Utafute mstari wako kwenye orodha hiyo uone wenye kamusi wameuweka wapi, kisha uandike kwa penseli. Nasema penseli kwa sababu hatua inayofuata inaweza kukufanya ufute.

## Hatua ya 6: Kusanya mistari yote

Hii ndiyo kazi yenyewe. Zote zilizotangulia ni kuandaa shamba.

Gusa namba, chagua kuonyesha mistari yote yenye H5828. Utapata hii:

Mwanzo 2:18, 20. Kutoka 18:4. Kumbukumbu la Torati 33:7, 26, 29. Zaburi 20:2, 33:20, 70:5, 89:19, 115:9, 10, 11, 121:1, 2, 124:8, 146:5. Isaya 30:5. Ezekieli 12:14. Danieli 11:34. Hosea 13:9.

Hesabu mwenyewe, ni 21.

Onyo la namba za mistari. Katika Biblia ya Kiebrania, kichwa cha Zaburi mara nyingi huhesabiwa kuwa mstari wa kwanza. Kwa hiyo Zaburi 20:2 yetu ni 20:3 kwao, 70:5 ni 70:6, na 89:19 ni 89:20. Vivyo hivyo Yoeli 2:28 yetu ni 3:1 kwao, na Malaki 4 haipo kabisa, imo ndani ya sura ya 3. Ukikuta mstari hauna neno lako, songa mmoja mbele kabla ya kusema programu imekosea.

Sasa chora jedwali la safu nne: mstari, nani anasaidia, nani anasaidiwa, hatari ni ipi. Fungua kila mstari kwenye Biblia yako ya Kiswahili na usome angalau mistari mitano inayouzunguka. Jaza kwa mkono.

Hivi ndivyo mistari mitatu ya kwangu ilivyo:

Kutoka 18:4. Anayesaidia: Mungu. Anayesaidiwa: Musa. Hatari: upanga wa Farao. Mstari wenyewe unaeleza jina la mwana wa Musa, Eliezeri, *Mungu wangu ni msaada*.

Zaburi 121:1–2. Anayesaidia: BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi. Anayesaidiwa: mwimbaji. Hatari: mguu kusogezwa, jua la mchana, mwezi wa usiku. Hizo zimo kwenye mistari inayofuata, na ndiyo maana nasema soma mitano.

Isaya 30:5. Anayesaidia: Misri, ila haiwezi. Anayesaidiwa: Yuda. Hatari: Ashuru. Nilipofika hapa ndipo nilipofuta penseli yangu mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika kwamba *ezer* ni neno la Mungu na mke tu.

Ukimaliza jedwali, hesabu. Mimi nilipata hivi: mara 15 Mungu ndiye msaada moja kwa moja. Mara 1, Zaburi 89:19, ni msaada ambao Mungu anauweka juu ya mtu hodari aliyemchagua, Daudi. Mara 3 ni msaada wa wanadamu, nao ni hafifu kote: Misri ya Isaya isiyofaa kitu, watu wanaomzunguka mkuu katika Ezekieli ambao watatawanywa, na "msaada kidogo" wa Danieli. Mara 2 ni mwanamke wa Mwanzo.

Utajua umefaulu ukiweza kusema mstari gani ulikushangaza. Kama hakuna hata mmoja uliokushangaza, yaelekea umesoma ukiwa na jibu mfukoni. Rudia.

## Hatua ya 7: Tazama majirani wa neno

Mashairi ya Kiebrania husema jambo mara mbili, mstari wa pili ukiitikia wa kwanza. Aliyekulia kwenye tenzi na mashairi yetu hatapata shida kusikia mwitikio huo. Jirani wa neno hukuonyesha neno limekaa mtaa gani.

Zaburi 33:20: "Yeye ndiye msaada wetu na ngao yetu." Zaburi 115 inarudia jozi hiyo hiyo, msaada na ngao, mara tatu mfululizo. Zaburi 70:5: "Ndiwe msaada wangu na mwokozi wangu". Kumbukumbu 33:29 inataja ngao ya msaada na upanga.

Basi jirani wa *ezer* ni ngao na mwokozi. Hakuna hata mstari mmoja kati ya 21 ambapo jirani yake ni mtumwa, kijakazi au mtumishi. Kiebrania kina maneno ya hao, na mwandishi wa Mwanzo anayatumia kwingine. Hapa hakuyatumia.

Lakini usirukie upande wa pili. Ngao kuwa jirani wa msaada hakufanyi neno "msaada" limaanishe "ngao". Nyumba iliyo karibu na msikiti si msikiti. Aliyesema *ezer* maana yake ni "shujaa wa vita" amechukua mazingira ya Zaburi na kuyabandika juu ya neno, kisha akalibeba neno hilo na mizigo yake yote hadi bustani ya Edeni, ambako hakuna adui wala upanga.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye mstari wako

Funga simu. Soma Mwanzo 2 tena kwa Kiswahili, kisha ujibu swali la hatua ya 1 kwa sentensi zisizozidi tatu, bila kutumia neno lolote la Kiebrania.

Langu lilisomeka hivi: *Neno "msaidizi" halimweki anayesaidia chini, maana mara nyingi linamtaja Mungu mwenyewe. Wala halimweki juu, maana linataja pia majeshi yaliyoshindwa. Linasema kuna upungufu ambao mtu hawezi kuujaza peke yake, na hapa atakayeujaza ni mtu wa kusimama naye uso kwa uso.*

Kipimo ni hiki: weka jibu lako badala ya neno katika mstari, usome kwa sauti. "Nitamfanyia shujaa wa vita wa kufanana naye"? Sura haikubali. Inazungumza juu ya upweke, "si vema huyo mtu awe peke yake", na inaendelea kwa wanyama kuletwa mbele ya Adamu bila kupatikana wa kumfaa. "Nitamfanyia mtumishi"? Nayo haikubali, kwa sababu ya *neged*.

Mwisho linganisha na tafsiri yako ya pili ya Kiswahili. Watafsiri walikuwa watu waliosomea lugha hizi kwa miaka mingi. Ukijikuta umefika kwenye maana ambayo hakuna tafsiri hata moja iliyoikaribia, sababu ya kawaida ni kwamba umekosea mahali. Mpelekee daftari mchungaji au padri aliyesoma Kiebrania chuoni, mwoneshe jedwali lote, si hitimisho peke yake.

## Mitego minne inayorudi kila mara

Mtego wa mzizi. Maneno ya Kiebrania mengi hujengwa juu ya konsonanti tatu. Kiswahili kimerithi jambo hilo kupitia Kiarabu: kitabu, katibu, maktaba, mkataba, yote yametoka k-t-b, kuandika. Lakini katibu wa chama cha ushirika si mwandishi wa vitabu, na maktaba si mahali pa kusaini mikataba. Mzizi hukuambia neno lilizaliwa wapi. Linaishi wapi sasa, hukuambia mistari. Utasikia mafundisho kwamba *ezer* limeunganisha mizizi miwili, mmoja wa kuokoa na mmoja wa nguvu. Hata kama ni kweli, mistari 21 ndiyo inayoamua.

Mtego wa ndugu wa Kiarabu. Huu ni wetu hasa. Tukiona *ruach* tunasikia roho, *nefesh* tunasikia nafsi, *berakhah* tunasikia baraka, na kweli ni ndugu. Ndugu hufanana, ila kila mmoja ana nyumba yake. *Tsedaqah* ni ndugu wa "sadaka", lakini katika Mwanzo 15:6 Abramu hakuhesabiwa sadaka, alihesabiwa haki. Na "sadaka" ya Hosea 6:6 ni neno jingine kabisa, *zevach*, mnyama wa kuchinjwa. Kiebrania *lechem* ni mkate, na ndugu yake wa Kiarabu *lahm* ni nyama. *Nefesh* nalo ni fundisho zuri: "mtu akawa nafsi hai" ya Mwanzo 2:7 ni maneno yale yale ya Mwanzo 1:20 kuhusu viumbe wa majini, "chenye uhai". Kama ulidhani ni kitu alichonacho mwanadamu peke yake, Kiswahili kilikuficha.

Mtego wa kumwaga maana zote. *Ruach* laweza kuwa upepo, pumzi au roho. Katika mstari mmoja huwa ni kimojawapo, labda viwili mwandishi akicheza na maneno. Anayesema "hapa maana yake ni upepo, pumzi, roho, nguvu na uhai" hajafafanua mstari, amesoma kamusi kwa sauti.

Mtego wa picha za herufi. Kuna video nyingi zinazofundisha kwamba kila herufi ni picha: alefu ni ng'ombe, beti ni nyumba, kisha neno linasomwa kama hadithi ya picha. Majina ya herufi yana asili hiyo, ni kweli. Lakini Waebrania walisoma maneno kwa sauti zake, kama sisi. Kwa njia hiyo unaweza kulifanya neno lolote liseme chochote. Liache.

## Neno likiwa na mistari mingi mno

*Chesed* linapatikana karibu mara 250. Usijaribu kulimaliza. Anza na kitabu chenye mstari wako, maliza mistari yake yote. Halafu chukua vitabu vya aina hiyo hiyo: kama uko katika nabii, soma manabii, kama uko katika Zaburi, baki Zaburi kwanza. Zaburi 136 peke yake ina "fadhili zake ni za milele" katika kila mstari wa mistari yake 26, na mingi kati yake inataja tendo. Ukiorodhesha matendo hayo, kuanzia kuumba mbingu hadi kuwapa chakula wote wenye mwili, utakuwa na maelezo bora ya *chesed* kuliko kamusi yoyote.

Kwa mwanzo, lakini, shika maneno madogo. *Almah*, "bikira" wa Isaya 7:14 (H5959), lina mistari michache mno. *Tselem*, "mfano" wa Mwanzo 1:26–27 (H6754), lina mara 17, na utashangaa ni mara ngapi linataja sanamu.

Kama umemaliza *ezer* na bado uko Mwanzo 2, usihame sura. Shuka mistari mitatu hadi 21, uguse "ubavu". Ni *tsela*, H6763. Mwandishi anayefuata kulitumia yuko Kutoka 25:12, anaeleza mahali pa kutia pete za dhahabu kwenye sanduku la agano. Chora jedwali lako hapo.